Kwenda Gangotri, kwenye hekalu la Mama Ganga: mwongozo kwa anayetoka Afrika Mashariki

Maswali ni yale yale kila mwaka. Ikifika Machi simu yangu haitulii. "Visa ya mtandaoni inatosha?" "Mama ana presha, atafika?" "Ni kweli mnatembea siku tatu?" "Maji ya mto Ganga nitayapitishaje uwanja wa ndege?" Nilisoma Dehradun, kaskazini mwa India, miaka minne, na Gangotri, penye hekalu la mungu mke wa mto Ganga, nimepanda mara tano: mara ya kwanza peke yangu na kijinga, nne zilizofuata nikiwasindikiza watu wa nyumbani, wengi wao kina mama na wazee wa Kihindu kutoka Upanga, Mombasa na Kampala. Nayaweka yote hapa ili nisiyarudie kwa simu usiku wa manane.

Kwa mwenye haraka: gari linafika Gangotri yenyewe. Ukishuka unatembea dakika chache katikati ya maduka, umefika hekaluni. Safari ya miguu ni ile ya Gaumukh, pale maji yanapotoka kwenye barafu, nayo si lazima. Kinachowaangusha watu si miguu wala pesa, ni kubana siku. Mtu anaruka Dar es Salaam Jumamosi, anataka Jumatatu awe hekaluni na Jumatano awe Delhi akinunua sari. Mlima hauna habari na tiketi yako ya ndege. Tenga siku nane kutoka Delhi hadi kurudi Delhi, kumi ukitaka Gaumukh. Usipokuwa nazo, ishia Haridwar, mji mtakatifu wa huku chini kando ya Ganga, mwaka huu, Gangotri uje mwaka mwingine.

Mahali penyewe, kwa ufupi

Gangotri ipo wilaya ya Uttarkashi, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India kuelekea mpaka wa Tibet, mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kimoja cha vituo vinne vya hija ya Char Dham ya Himalaya, pamoja na Yamunotri, Kedarnath na Badrinath. Anayefanya vyote vinne huanzia magharibi, Yamunotri, kisha Gangotri, na kumalizia Badrinath. Kwenda Gangotri peke yake ni hija halali kabisa, usitishwe na mawakala wanaouza vyote vinne kwa mpigo.

Mto unaopita hapo unaitwa Bhagirathi. Jina ni la mfalme Bhagiratha, ambaye kwa imani ya Kihindu alidumu katika ibada kali mpaka Ganga akakubali kushuka kutoka mbinguni awatakase mababu zake, na mungu Shiva akampokea kwenye nywele zake asije akaipasua dunia kwa kishindo. Chini kabisa, Devprayag, Bhagirathi hukutana na Alaknanda, na kuanzia hapo ndipo mto huitwa Ganga. Kwa hiyo mjuaji akikwambia "huu si Ganga", mwambie ahsante, endelea na safari.

Na wewe usiye Mhindu unayetaka kwenda? (Mhindu wa dini, si Mhindi wa kabila, tunachanganya sana haya mawili.) Kuingia kwa wasio Wahindu kwenye mahekalu haya huamuliwa na kamati za mahekalu, na suala hili limezua mjadala mkali. Uliza kabla hujalipa chochote, na ukiambiwa hapana, usibishane mlangoni.

Andaa haya kabla hujakata tiketi

- Pasipoti yenye miezi zaidi ya sita na kurasa tupu.
- Visa ya India. Watanzania na Wakenya wanaweza kuomba ile ya mtandaoni. Tumia tovuti ya serikali ya India tu. Zipo nyingi za kuigiza zinazotoza mara mbili.
- Kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India ni wakali hapa. Chanjo iwe na siku 10 kabla ya kuingia, na anayetoka au kupitia nchi zilizo kwenye orodha yao bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kenya na Uganda zimo. Ukitoka Dar kwa ndege inayopitia Nairobi, usihesabu bahati, beba kadi.
- Barua ya daktari kwa mwenye presha, sukari, pumu au moyo, pamoja na dawa za siku zote na za wiki moja zaidi.
- Nguo za baridi za kweli: koti zito, kofia ya sufu, soksi nene, glavu. Mei na Oktoba usiku huweza kukaribia nyuzi sifuri. Sweta la Lushoto halitoshi.
- Viatu vya kuvulika upesi. Utavua mara nyingi kuliko unavyodhani.
- Rupia taslimu. Wahindi wenyewe hulipa kwa simu kila kona, mpaka kwa muuza karanga. Wewe mgeni mara nyingi huwezi, na mashine za benki ukipita Uttarkashi ni za kubahatisha.
- Tochi, chaja ya akiba, kopi tatu za pasipoti na visa, picha ndogo.
- Kwa mwenye asili ya Gujarat au Kutch: karatasi yenye jina la kijiji cha asili, ukoo, na majina ya babu na baba wa babu. Sababu yake iko hatua ya nne.

Usibebe simu ya setilaiti wala kifaa chochote cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. India ni kosa bila kibali, na wageni wamewahi kukamatwa uwanja wa ndege kwa hilo. Droni nayo iache nyumbani.

Hatua 1: Chagua mwezi

Hekalu hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, mwishoni mwa Aprili au Mei, na kufungwa mara baada ya Diwali. Tarehe hufuata kalenda ya Kihindu, kwa hiyo hubadilika kila mwaka. Baada ya kufungwa, sanamu ya mungu mke hubebwa kwa machela na maandamano hadi kijiji cha Mukhba, karibu na Harsil, na huko ndiko hukaa kipindi chote cha theluji. Makuhani wa Gangotri, ukoo wa Semwal, ni wa kijiji hicho.

Mei na Juni watu ni wengi mno. Julai na Agosti ni masika ya kule, milima inamwagika barabarani, na juu yake kuna vijana wa Kanwar, mahujaji wa Shiva wanaokuja kuchota maji kwa makundi makubwa na kuyapeleka kwao kwa miguu. Sitakuficha: Julai na Agosti simpeleki mtu. Tarehe 5 Agosti 2025 tope na mawe yalishuka ghafla kutoka mlimani yakafukia soko la Dharali, kilomita chache tu kutoka Harsil, kwenye barabara hii hii ya Gangotri. Nilikuwa nimekunywa chai pale.

Septemba mwishoni na Oktoba ndio wakati wangu. Anga safi, foleni fupi, na wenye nyumba za wageni wamechoka kiasi cha kukubali kupunguza bei.

Hatua 2: Pima afya kwa uaminifu

Kwa mtu wa Pwani, mita 3,100 ni jambo. Linganisha na Kilimanjaro: Gangotri ipo juu ya kambi ya Mandara (2,720) na chini ya Horombo (3,720). Gaumukh, karibu mita 4,000, ipo juu ya Horombo. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro unapanda kwa miguu na mwongozaji anakwambia pole pole kila dakika. Huku gari linakupandisha umekaa, unakula karanga, na mwili unakuja kugundua usiku.

Nenda kwa daktari mwezi mmoja kabla. Muulize kuhusu acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, na usiinunue kwa ushauri wa jirani, maana haimfai kila mtu. Mzee mwenye moyo unaosumbua asidanganywe na familia kwamba "Mama Ganga atasaidia". Darshani, yaani kusimama mbele ya mungu mke, huko Mukhba hekalu likishafungwa, au puja (ibada ya sadaka) ya Haridwar, nayo ni ibada.

Hatua 3: Jiandikishe kwa hija

Hili wengi hawalijui mpaka wasimamishwe njiani. Kila anayekwenda Char Dham lazima aandikishwe na serikali ya Uttarakhand, hata kama anakwenda hekalu moja. Ni bure. Hufanyika kwenye tovuti au programu ya simu ya idara ya utalii ya jimbo. Mgeni hutumia pasipoti na barua pepe. Utachagua hekalu na tarehe, kisha utapata karatasi yenye alama ya kuskani. Ichapishe, kwa sababu simu hufa kwa baridi.

Kosa la kawaida: kujiandikisha kabla ya kupanga siku za njiani. Watu hujaza tarehe ya kutua Delhi. Hesabu siku tano mbele. Kosa la pili ni kumlipa mtu "ada ya usajili". Ukishindwa mtandaoni, vipo vituo vya kuandikisha Haridwar na Rishikesh, lakini wakati wa msongamano nafasi huisha mapema.

Hatua 4: Delhi hadi Haridwar

Delhi usikae sana. Panda treni ya asubuhi kwenda Haridwar, au ndege hadi uwanja wa Jolly Grant karibu na Dehradun, au gari. Delhi hadi Rishikesh ni kama kilomita 240, na Haridwar ipo kabla yake kidogo.

Lala Haridwar usiku mmoja uone arati, ibada ya taa, ya jioni kwenye ngazi za mtoni za Har ki Pauri. Halafu toa ile karatasi yako. Makuhani wa Haridwar hutunza vitabu virefu vya nasaba, vilivyopangwa kwa kijiji na ukoo, na kila familia iliyopita ikaandikisha jina imo humo. Ukiuliza kwa jina la kijiji utaelekezwa kwa kuhani anayeshika kitabu chenu. Mzee mmoja niliyempeleka, wazazi wake walizaliwa Unguja, alifunguliwa kitabu kikavu kinachonuka vumbi na mafuta ya taa, kuhani akashuka na kidole mstari kwa mstari, akasimama. Ni jina la babu yake, kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajapanda jahazi. Mzee hakusema kitu. Aliomba kalamu akaandika majina ya wajukuu wake wa Dar chini yake, na ikabidi nimsaidie tahajia ya "Neema".

Anayebeba majivu ya marehemu wengi huyamimina hapa Haridwar. Awe na cheti cha kifo na cha kuchomwa mwili, na aiarifu ndege mapema. Kuna wazee huniuliza kama ni lazima India. Hilo ni la kuhani wao, lakini wa Uganda hunikumbusha kwamba mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimiminwa Jinja, kwenye chanzo cha Nile.

Hatua 5: Panda hadi Uttarkashi, ulale

Kodi gari Rishikesh au Haridwar. Angalia namba zake: gari la biashara lina kibao cha njano chenye maandishi meusi. Lenye kibao cheupe ni la mtu binafsi, likikamatwa njiani safari yako imeishia hapo. Kubalianeni bei ya safari nzima, pamoja na usiku wa dereva, chakula chake na siku ya ziada barabara ikifungwa. Iandikeni. Mabasi yapo na ni rahisi, kwa mzee siyapendekezi.

Ondokeni alfajiri. Magari ya mahujaji hayaruhusiwi kutembea usiku milimani, na hata yangeruhusiwa nisingepanda. Barabara ni kona tupu. Mwenye kutapika garini akae mbele, anyonye tangawizi, asitazame simu.

Uttarkashi ni mji wa kweli: hospitali, benki, duka la dawa, na hekalu la Vishwanath la Shiva ambalo mahujaji hulipitia. Pesa zako za mwisho zitoe benki hapa. Lala. Kila mara kuna mmoja kwenye gari anayesema "tuna nguvu, tuunganishe". Mwambie dereva amcheleweshee chai.

Hatua 6: Uttarkashi hadi Harsil, ulale tena

Kutoka Uttarkashi hadi Gangotri ni kama kilomita 100, na kwa saa tano unaweza kumaliza. Usimalize. Njiani utapita Gangnani penye chemchemi ya maji ya moto, kisha barabara inapanda Sukhi na bonde linafunguka ghafla: misonobari, matufaha, mto mpana. Hapo ni Harsil, zaidi ya mita 2,500. Lala hapa usiku mmoja na mwili utakushukuru kesho. Matufaha ya huku husemwa yaliletwa na Mwingereza mmoja mtoro wa jeshi aliyekuja kufanya biashara ya mbao karne ya 19. Madereva wanamsimulia kama jini.

Harsil kuna kambi ya jeshi. Usipige picha askari, madaraja wala magari yao.

Kunywa maji mengi, chai ya maziwa, kula dengu na wali. Pombe na sigara acha. Kuanzia hapa kwenda juu nyama na mayai sahau. Gangotri ni mji wa mboga tupu. Ukichoka na dengu, kila kibanda kinapika Maggi, na kwa baridi ile utaziona tambi hizo kama biriani.

Hatua 7: Darshani

Kutoka Harsil ni kilomita 25 hivi. Baada ya Bhaironghati na daraja lake juu ya korongo la Jadh Ganga, usichungulie kama una kizunguzungu, utafika kwenye maegesho. Gari linabaki. Beba mkoba mdogo tu.

a) Shuka mtoni kwanza. Ibada huanza kwa maji. Kuoga si lazima, na kwa mzee nakataza. Maji haya saa chache zilizopita yalikuwa barafu, na mkondo una nguvu ya kumchukua ng'ombe. Chota kwa kopo, jimwagie mikononi na kichwani ukiwa umesimama kwenye ngazi, na mtu amshike mkono aliyeinama. Usifuate wale vijana wanaoruka mbele ya kamera.

b) Nunua sinia ya puja dukani: maua, ubani, pipi, nazi. Uliza bei kabla ya kushika.

c) Vua viatu, jiunge na foleni. Hekalu hufunguliwa alfajiri, hupumzika mchana, hufunguliwa tena alasiri. Anayefika saa nane mchana hukuta mlango umefungwa na kudhani kapotea njia.

d) Jengo ni jeupe, la mawe, lenye vikuba juu, lililojengwa na jemadari wa Kigurkha Amar Singh Thapa. Wengi husimama wakiuliza "ndilo hili?" maana ni dogo kuliko walivyowaza. Ndani utasimama mbele ya Mama Ganga sekunde chache kabla foleni haijakusukuma. Dua yako ije nayo tayari, usianze kuitunga pale. Picha ndani hapana.

e) Ukitaka puja maalumu, ongea na kuhani kabla: ibada gani, muda gani, sadaka kiasi gani. Ukishakaa chini na uzi mkononi, umechelewa kuuliza bei.

f) Jioni rudi kwa arati. Usikimbilie Harsil siku hiyo hiyo kama afya inaruhusu. Jua likizama, kengele zinapigwa, taa zinazungushwa juu ya mto, na sauti ya maji ni kubwa hata wimbo wenyewe unausikia kwa vipande. Karibu na ngazi utaonyeshwa jiwe la Bhagiratha, na wenyeji watakwambia kuna lingamu (jiwe la alama ya Shiva) la asili ndani ya maji linaloonekana mto unapopungua baridi ikiingia.

Hatua 8: Kuchukua maji

Hapa ndipo penye machozi mengi kuliko hatua zote, kwa hiyo soma mara mbili.

Madukani kuna madumu ya plastiki ya kila ukubwa na vyungu vidogo vya shaba, *lota*, ambavyo fundi huvifunga kwa risasi ya kuchomelea vikishajazwa. Jaza mwenyewe mtoni, ndipo ufunge. Lota lililofungwa tayari hujui limejazwa wapi.

Maji yote yaende kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Mlangoni pa ndege kimiminika kisichozidi mililita 100 ndicho kinachopita, na chuma kilichofungwa kwa risasi hakuna mlinzi atakayekikubali, awe ameswali au ameabudu. Mama mmoja niliyemsindikiza alilificha lota kwenye pochi, baada ya mimi kumwambia mara tatu. Mashine ikalia. Mlinzi, kijana wa Kihindu, aliinamisha macho akamwambia "Mataji (mama), siwezi." Wakalitoboa. Mama akaliomba, akatembea polepole hadi kwenye chungu cha maua kando ya ukuta, akayamimina yote kwenye shina, midomo ikicheza. Lota tupu akarudi nalo. Kwenye begi lake kubwa nilikuwa nimemwekea dumu la lita moja bila kumwambia.

Namna ya kufunga: chupa ngumu, usiijaze mpaka mdomoni, kaza kifuniko, zungusha gundi ya karatasi, tia mifuko miwili ya plastiki, zungushia nguo. Uliza kampuni ya ndege mapema, kwa sababu nyingine zina masharti yake juu ya vimiminika.

Hatua 9: Gaumukh (kwa wenye pumzi tu)

Chanzo chenyewe, mdomo wa barafu ya Gangotri yenye urefu wa kilomita 30 hivi, kipo mwendo wa kilomita 18 kutoka hekaluni. Jina maana yake ni mdomo wa ng'ombe. Barafu imekuwa ikirudi nyuma miaka na miaka, kwa hiyo "ng'ombe" aliyeonwa na babu yako hayupo tena pale.

Lazima uwe na kibali cha hifadhi ya taifa ya Gangotri, nacho hutolewa kwa watu 150 tu kwa siku. Kiombe mtandaoni au ofisi ya hifadhi Uttarkashi, ukiwa na kopi ya pasipoti. Kaa Gangotri usiku mmoja kamili kabla ya kuanza. Siku ya kwanza tembea hadi Chirbasa, kilomita 9, upumzike, kisha Bhojbasa, kilomita 14, ulale. Siku ya pili alfajiri nenda Gaumukh, rudi Bhojbasa, na kama miguu ipo, shuka Gangotri. Chukua mbeba mizigo au mwongozaji, ni kazi yao na wanaijua njia.

Kati ya Chirbasa na Bhojbasa mawe huanguka kutoka juu, hasa mchana jua likishalegeza theluji. Pita asubuhi, usisimame kupiga picha, toa vipokea sauti masikioni. Hapo ndipo utaona kondoo wa mlimani, bharal, wakitembea ukutani kama inzi. Ndio wao pia wanaokuangushia mawe.

Gaumukh yenyewe usikaribie ukuta wa barafu. Vipande vikubwa kama nyumba huanguka bila taarifa. Simama walipokuelekeza, chota maji chini kidogo. Mbele utauona mlima Shivling, mita 6,543, kama ncha ya mkuki. Plastiki uliyobeba rudi nayo, walinzi hukagua.

Ukikwama

*Usiku kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi hauji.* Ni mwinuko. Maji, pumzika, usipande zaidi. Asubuhi ikiwa hakuna nafuu, shuka Harsil au Uttarkashi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, au kupumua kwa shida hata amekaa, hakuna kusubiri asubuhi wala dua ya pamoja: amsha dereva, tafuta polisi au kituo cha afya, mteremshe.

*Barabara imefungwa.* Itafunguliwa, mitambo huwa karibu. Kaa mjini, si chini ya mteremko ulioporomoka. Ndiyo maana nilisema siku nane.

*Tarehe niliyotaka kwenye usajili imejaa.* Sogeza mbele siku mbili uone Rishikesh, au nenda kituo cha kuandikisha alfajiri. Usinunue karatasi ya mtu mwingine. Wanaskani na kulinganisha pasipoti.

*Kadi ya benki imegoma.* Kabla ya kuondoka nyumbani ungeiarifu benki. Sasa rudi Uttarkashi ujaribu benki kubwa ya serikali. Mwenye dola azibadilishe mapema Rishikesh, kabla ya kupanda.

*Mtandao hakuna, nyumbani wana wasiwasi.* Waambie mapema kwamba Gangotri unaweza kupotea siku mbili. Laini ya simu ya India inunue Delhi kwa pasipoti, na uipe muda wa kuamka.

*Nimefika Novemba, hekalu limefungwa.* Nenda Mukhba. Mungu mke yupo huko, na foleni hamna.

*Maji niliyochota yana rangi ya kijivu na tope chini. Nimeuziwa ya mfereji?* Hapana, hayo ndiyo yenyewe. Barafu inasaga mwamba kuwa unga laini, na mto unaubeba. Acha chupa isimame siku mbili tatu, unga utatua na maji yataonekana safi. Usiyachuje kwa kitambaa. Mama yule wa lota alimimina ya juu kwenye chombo cha ibada, na ule unga wa chini akauweka kwenye kikopo, kando ya picha ya mumewe.